Gereji iliyoniambia kupampu breki ni kawaida ya Land Rover ya zamani

Naandika hasira zikiwa bado mbichi na sina mpango wa kuzipoza. Jina la gereji siliweki hapa. Naeleza walichonifanyia, mwenye gari la umri huo ajue cha kukagua kabla hajatoa hela.

Niliwapelekea Land Rover yangu, Series III, ile ndefu ya 109 (inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma), waifanyie kazi yote ya chini: springi na bushi zake (raba za kwenye maungio), breki za magurudumu yote manne, giaboksi, propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli) na difu (gia za kwenye ekseli). Bodi sikutaka iguswe. Rangi imefifia na mlango wa nyuma una kovu, yote nimeyaridhia. Nilichokitaka ni gari la kubebea miche na mbolea, linaloweza kushuka kutoka Machame hadi barabara kuu na kusimama pale ninapotaka lisimame. Hilo la kusimama nililisema siku ya kwanza, nikalirudia kwenye simu, nikalirudia tena nilipokwenda kulipa kianzio.

Siku ya kulichukua nilikanyaga breki, pedeli ikaenda hadi sakafuni. Nikaachia, nikakanyaga tena, ikapanda juu na kuwa ngumu. Nikamwita fundi mkuu. Hakuinuka hata kwenye kiti chake.

"Mama, hilo gari la zamani. Land Rover za aina hiyo lazima upampu mara mbili. Ndivyo zilivyo."

Nikamwambia, kaka yangu, gari hili nimeliendesha miaka mingi kabla sijalileta kwako na halikuwa hivi. Akacheka. Akamgeukia kijana aliyekuwa karibu naye akasema, "Mwambie mama atafute dereva."

Nimeifikiria kauli hiyo kuliko nilivyofikiria pesa zenyewe, na pesa hazikuwa ndogo. Mimi ndiye niliyeliendesha kuja pale. Mimi ndiye niliyeleta orodha ya kazi, kipengele kwa kipengele. Akaona atamaliza mazungumzo kwa kunionyesha kuwa kiti cha usukani si changu.

Sasa nieleze jambo ambalo yeye, kama fundi mkuu, alipaswa kunieleza mimi. Pedeli inayozama mara ya kwanza na kupanda mara ya pili inakwambia kwamba breki shuu, vile vipande vinavyobana, ziko mbali na drumu, lile ngoma la chuma linalozunguka na gurudumu. Pampu ya kwanza inaishia kuzisogeza tu, ya pili ndiyo inayozibana. Ingekuwa ni hewa kwenye mabomba, pedeli ingekuwa laini na kubonyea hata ukipampu. Kwenye 109, kila gurudumu la mbele lina silinda mbili za breki, kila moja inasukuma shuu yake, na kila shuu ina adjasta yake ya kuisogeza, kwa nyuma. Unapandisha gurudumu kwa jeki, unazungusha adjasta mpaka drumu ishike, halafu unairudisha kidogo gurudumu lizunguke huru. Ni hivyo tu. Spana moja na mtu mwenye nia.

Nililipa, nikaondoka nalo. Nilikuwa na miche inayosubiri na sikutaka kuliacha pale usiku mwingine.

Siku chache baadaye nilikuwa nateremka, nyuma nimejaza miche ya parachichi na kijana anayenisaidia amekaa juu ya magunia. Pikapu ya ndizi ikasimama ghafla mbele yangu. Pedeli ya kwanza: hakuna kitu. Ya pili: upande wa kulia ukashika, wa kushoto ukakataa, usukani ukanivuta vibaya sana. Nikarudisha gia namba mbili, injini ikanguruma, gari likapungua mwendo, tukasimama karibu kugusa ndizi za watu. Yule kijana alishuka bila kusema neno na akamalizia safari kwa miguu. Sikumlaumu.

Na hapa lazima niseme ukweli, kwa sababu kilichotuokoa ni kazi ya gereji hiyohiyo. Giaboksi waliitengeneza vizuri mno. Kuna kijana mmoja pale wa giaboksi tu. Gia namba mbili ilikuwa inaruka nikiachia mafuta kwenye mteremko, na leo inakaa kimya mahali pake. Series III ina sinkro, kifaa kinachoifanya gia iingie bila kukwaruza, kwenye gia zote nne za mbele, lakini kwenye gari langu nilikuwa nimeshasahau. Yeye amenirudishia. Aliniita mezani, akanionyesha kila kilicholika, na vipande vya zamani akanifungia kwenye mfuko niondoke navyo. Kile kidude chenye kichwa cha njano kinachounganisha magurudumu ya mbele kilikuwa hakishuki hata nikikiegemea, sasa kinashuka kwa kiganja. Tena aligundua kuwa propela shafti ya nyuma ilikuwa imeunganishwa vibaya na fundi fulani huko nyuma, mishale kwenye sehemu inayoteleza haikuwa imeelekeana. Akaifungua, akailinganisha, na mtetemo niliokuwa nimeuzoea mpaka mikononi ukafa. Nilikaribia kumkumbatia.

Kwa hiyo nilikuwa nimekusudia kuandika hivi: kwa giaboksi nendeni, kwa breki msiende. Hiyo ilikuwa kabla drumu hazijafunguliwa.

Fundi mwingine, mzee wa makamo wa huku kwetu juu, ndiye aliyezifungua, nami nimesimama pembeni yake. Mbele kushoto, adjasta ya juu ilikuwa imeganda kwa kutu, haijaguswa tangu enzi hizo. Tukavua drumu. Shuu zilikuwa zinang'aa kwa oili ya difu, ile yenye harufu kali isiyotoka mkononi. Sili ya habu, raba inayozuia oili isitoke katikati ya gurudumu, inavuja. Na shuu hizo zilikuwa za zamani! Alama za zamani nazijua, rangi naijua. Walichofanya ni kuzipangusa kwa petroli na kuzirudisha. Lainingi, ule utando wa shuu unaosugua drumu, ikishanyonya oili haisafishiki. Petroli inaondoa ya juu, breki ikipata moto ya ndani inatoka tena. Risiti yangu imeandikwa breki shuu mpya, magurudumu manne.

Mzee yule hakusema kitu. Alizipanga chini juu ya gazeti na kunitazama tu.

Tukaendelea kwenye springi. Hapa nilitaka kuwapa sifa, kwa sababu bushi za kwenye fremu zilikuwa zimeshikana na chuma kwa kutu, na waliweza kuzitoa bila kuuchoma fremu kwa gesi kama wengine wafanyavyo. Ni kazi ya jasho na waliifanya kwa uangalifu. Lakini bolti walizikaza gari likiwa limening'inia juu ya vigingi. Raba ya bushi hizo imegandishwa kwenye vyuma vyake, haizunguki, inajinyonga tu. Ukiikaza ekseli ikiwa inaning'inia, siku zote za maisha yake itakuwa imejipinda gari likikaa chini, na itachanika mapema. Bolti hizo hukazwa mwisho kabisa, gari likiwa limekalia magurudumu yake. Ndiyo maana lilikuwa limesimama juu na kuruka kwenye kila shimo. Nilipolalamika kuhusu hilo jibu lilikuwa lilelile, Land Rover ni ngumu, ndivyo ilivyo.

Sivyo ilivyo! Magari haya yamebeba watalii kushuka bonde la Ngorongoro miaka na miaka. Mwaka 2024 Arusha ilijaa Land Rover kwenye lile tamasha la magari hayo, za kila umri, na zilifika zikitembea na kusimama. Series III zilitengenezwa Solihull hadi 1985 na hakuna iliyotoka kiwandani ikihitaji kupampiwa breki mara mbili. Uzee wa gari si leseni ya kulipia kazi ambayo haikufanyika.

Kwa hiyo nabadilisha nilichosema. Msiende, hata kwa giaboksi. Naumia kuandika hivyo kwa ajili ya yule kijana, kwa kuwa mikono yake ni ya thamani, lakini gari likiingia pale haliingii kwake peke yake. Akihama, mtu anijulishe alikohamia.

Fundi mkuu amenipigia simu baada ya kusikia nimefungua drumu kwingine. Alisema nilirudishe, atanikazia bure. Kuhusu shuu hakusema lolote. Kuhusu kutafuta dereva hakusema lolote pia, nami nilisubiri. Silirudishi. Nataka pesa ya shuu za magurudumu manne na ya bushi zitakazofungwa upya, na nataka anitamkie mwenyewe kuwa alikosea. Risiti ninayo. Shuu zilizolowa oili ninazo pia.