DES-II mezani kwa mshauri nasaha: ije na kete za bao

Dodoso hili (Dissociative Experiences Scale, maswali 28) hupima disosiesheni, yaani fahamu, kumbukumbu na hisia za mwili kuachana njia. Eve Bernstein Carlson na Frank Putnam walilitoa mwaka 1986. Toleo la pili ndilo la kutumia: mjazaji hapigi tena alama kwenye mstari wa milimita 100, huzungushia asilimia, kumi kumi, 0 hadi 100. Jumlisha majibu yote, gawa kwa 28. Wastani ukifika 30, mhoji kwa kina. Maradhi hujayapa jina bado.

Kinachokwamisha watu wengi ni asilimia yenyewe. Swali linataka kujua jambo hutokea mara ngapi, lakini aliyetishika nalo siku moja tu huandika 80, maana anapima fazaa. Mwekee kete kumi: "Bibi, safari zako za daladala ndizo hizi. Ngapi umeshuka na njia huikumbuki?" Akisogeza tatu, andika 30.

Wastani nao una ujanja wake. Maswali ya kuzama kwenye sinema au mawazo hata mzima huyapandisha: mwenye 90 kwenye saba ya aina hiyo, sufuri kwengine kote, hupata 22.5. Mwengine ana 90 kwenye matatu tu: kujikuta pahala asijue kafikaje, kuambiwa hawatambui jamaa zake, kuhisi mwili si wake. Huyu hupata 9.6, na ndiye wa kushughulikiwa mwanzo! Basi toa pia wastani wa maswali manane mazito peke yake, matatu hayo yakiwemo: 3, 5, 7, 8, 12, 13, 22 na 27. Wa kwanza anabaki sufuri, wa pili anaruka hadi 33.75.

Udhaifu mkubwa haufichiki: msahaulifu anaulizwa kasahau mara ngapi. Muulize na anayeishi naye. Kama shida ni kujiona yuko mbali na nafsi yake, dodoso la Cambridge lenye vipengele 29 linafaa zaidi, kwani huuliza mara ngapi na kwa muda gani.

Maelekezo ya DES-II yanaondoa yaliyotokea mtu akiwa kalewa. Ngoma ya pepo hayaitaji. Aliyepanda pepo kilingeni, akazinduka hajui kasema nini, atajaza swali la 3 (kujikuta pahala) na la 8 (kutotambua jamaa) kwa haki kabisa. Muulize kando ya kila jibu: ilikuwa ngomani, au sokoni mchana kweupe?