Risasi za H&N Finale Match Light kwa bunduki ya upepo: chagua kichwa kabla ya kopo

Kopo moja lina risasi 500 za milimita 4.5, kila moja gramu 0.51, kichwa bapa, kiuno chembamba na sketi iliyo wazi nyuma. Zinatengenezwa Ujerumani na Haendler & Natermann, kiwanda kilichoanza mwaka 1825. Kwa anayepiga karatasi ya mita 10 kwa bunduki ya springi ya kukunja mtutu kama Weihrauch HW30S, ni ununuzi mzuri sana. Tatizo ni kwamba wengi hubeba kopo lolote lenye jina hilo, kumbe vichwa vyake vinauzwa kwa saizi tatu: 4.49, 4.50 na 4.51. Saizi imeandikwa kwenye kopo, na ndiyo inayoamua kama pesa yako imekwenda mahali pake.

Tofauti ni milimita 0.01 tu, lakini mtutu unaijua. Kichwa kinachopwaya hakishiki sawasawa mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, hivyo risasi huondoka imeinama kidogo na matundu hutawanyika. Kinachobana mno hukwaruzwa kinapoingia, na kasi hubadilika kati ya pigo na pigo. Dole gumba halitoshi kuamua. Kuona risasi imeingia kwa raha si ushahidi. Pima kwa karatasi.

Anza na mtutu. Pitisha kitambaa kikavu kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, kisha piga risasi kama 20 bila kuhesabu ili madini ya risasi yatande upya ndani. Usitie mafuta kwenye tundu la hewa: pistoni ikikandamiza hewa, joto lake huyawasha mafuta hayo, mlio unakuwa mkali na kasi inaruka. Hapo hakuna kipimo tena. Kisha piga mapigo 25 kwa kila saizi, matano kwa kila karatasi, ukizungusha: karatasi ya 4.49, ya 4.50, ya 4.51, halafu unarudi mwanzo. Ukimaliza saizi moja yote kwanza, uchovu wa mikono utaiangukia saizi ya mwisho nawe utailaumu bure.

Kundi, yaani matundu matano ya karatasi moja, lipime kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa tundu la mbali zaidi, kisha toa milimita 4.5. Kichwa bapa hapa ni neema, maana hukata tundu la duara safi. Lengo la kufikia ni hili: kwenye karatasi ya kimataifa ya mita 10, alama ya kumi ni kitone cha milimita 0.5, na risasi ikikigusa tu unapata kumi. Kwa hiyo kundi la milimita 5, katikati hadi katikati, likikaa sawasawa juu ya kitone, lote ni kumi.

Bunduki ya springi isiegemezwe moja kwa moja kwenye mfuko wa mchanga. Inaruka nyuma kisha mbele kabla risasi haijatoka mtutuni, na ikikutana na kitu kigumu inahama. Laza kiganja juu ya mfuko, bunduki ikae juu ya kiganja bila kukabwa, mahali palepale kila pigo. Makundi mengi mabaya yanayosingiziwa risasi hutoka hapa.

Wakazi wa Arusha wana hoja yao ya ziada. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na bunduki ya springi hutumia hewa iliyomo kwenye silinda yake. Hewa ikipungua, msukumo nao unapungua. Ndiyo maana hii ya gramu 0.51 inafaa kuliko Finale Match Heavy ya gramu 0.53 kwa bunduki ndogo. Katika mji wa Moshi, ulio chini zaidi, hali ni nafuu. Na baridi ya Juni na Julai hufanya grisi ya springi iwe nzito, kwa hiyo mapigo machache ya kwanza ya asubuhi yasihesabiwe.

Kuchambua kuna faida, ila baada ya saizi kupatikana. Bingirisha risasi juu ya kioo cha dirisha kilichoinamishwa kidogo: nzima hupinda njia ileile, yenye sketi iliyobonyea huyumba. Hizo tenga za kupashia mtutu. Uzito unahitaji mizani inayosoma gramu 0.001, ya 0.01 ni karibu asilimia 2 ya risasi nzima, haitakuambia kitu. Mizani za madalali wa vito, zile za kupimia tanzanaiti, zinafaa kabisa zikisoma hadi karati 0.005, ambayo ni gramu 0.001: gramu 0.51 ni karati 2.55. Funga dirisha na zima feni unapopima. Ukimaliza nawa mikono kabla ya kushika chakula, maana haya ni madini ya risasi kweli.

Saizi ikishapatikana, nunua makopo kadhaa ya toleo lilelile la kiwandani, na toleo likibadilika rudia jaribio. Lakini usiagize hata kopo moja kabla hujamalizana na polisi kuhusu kibali cha bunduki na risasi zake.

Kwa mita 25 nje kwenye upepo, ziache. Kichwa bapa hupoteza kasi haraka na kusukumwa pembeni. Hapo chukua ya kichwa cha duara, kama JSB Exact ya gramu 0.547, ukubali matundu yenye kingo zilizochanika.