Kamusi niliyouziwa haina Pa

Nawaambia mapema, kabla sijaanza kuwa mpole: ukinunua kamusi kubwa ya Kiingereza, usiondoke dukani mpaka umeifungua yote, A hadi Z. Usimwonee haya muuzaji. Mimi nilimwonea haya kijana aliyekuwa ananitazama kama namchelewesha, nikaibeba na nailoni yake, na sasa nina kamusi ya shilingi 95,000 isiyokuwa na Pa.

Yaani karibu maneno yote yanayoanza na Pa. Ukurasa mmoja unaishia kwenye "pack", halafu unaofuata kwa mpangilio unaanzia "pebble". Hapo katikati nimewekewa tena kurasa 32 za mwisho wa N na mwanzo wa O, ambazo tayari ninazo mahali pake. Anayejua kazi ya vitabu atakwambia imetokeaje: karatasi kubwa hupigwa chapa, ikakunjwa ikawa kijitabu, vijitabu vikapangwa kwa zamu na kugundishwa. Mahali pa kijitabu cha Pa mtu akaweka cha N. Kosa la mkono. Hilo peke yake ningelisamehe, naapa ningelisamehe.

Nafundisha Kiingereza sekondari, Morogoro. Kamusi niliidundulizia miezi mingi, nikaifuata Dar, kwa sababu zile ndogo za mfukoni tulizonazo shuleni zinakupa neno moja la Kiswahili na kukuacha hapo hapo. Nilitaka ile inayoeleza neno limetoka wapi. Siku nilipoipeleka darasani, Kidato cha Tatu, watoto zaidi ya sitini, nilijisikia kama nimeingia na mgeni wa heshima.

Binti mmoja wa dawati la mbele akauliza: "Madam, pawn ni nini?" Kwenye hadithi tuliyokuwa tunasoma, bwana mmoja ame-pawn saa yake. Wavulana wa nyuma wakadakia, "Kuweka bondi!" Darasa likacheka, lakini walikuwa wamepatia. Nikamwita yule binti aje atafute mwenyewe. Akafunua. Akarudi nyuma. Akafunua tena, kidole kinapita juu ya maneno, midomo inasoma alfabeti kimya kimya. Mwisho akaniangalia akasema, "Madam, samahani, sijui kutafuta."

Anajua kutafuta! Alitafuta sawasawa. Kitabu ndicho kilichokosea, na mtoto akajitwisha yeye kosa mbele ya wenzake. Hasira yangu yote ilianzia pale, na mnaponiona naandika kwa ukali kuhusu karatasi 16 tu, mkumbuke uso wa yule mtoto.

Jumamosi iliyofuata, au ile ya baada yake, nikapanda basi kurudi dukani. Kijana ni yule yule. Nikamwonyesha. Hakuishika hata kamusi, aliitazama kwa mbali akasema: "Sasa mama, kurasa 32 kati ya 1,800. Kwani maneno yote hayo ulitaka kuyamaliza?" Halafu akaniwekea kidole kwenye risiti, palipoandikwa kuwa mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia, kijana wangu, sijafuata pesa, nipe nzima au nitafutie hizo kurasa. Akageukia mteja mwingine. Pole sikupewa.

Nilivyokuwa kwenye basi narudi, kitu kilichokuwa kinanichoma ni kwamba historia yenyewe ya kamusi za Kiingereza imejaa watu waliokosea. Sikatai kosa. Samuel Johnson alitoa kamusi yake kubwa London mwaka 1755, maneno zaidi ya 42,000, na humo neno "pastern", sehemu ya mguu wa farasi iliyo juu kidogo ya ukwato, yeye akalieleza kuwa ni goti la farasi. Mama mmoja akamuuliza, imekuwaje ukaandika hivyo? Mtu aliyekuwa anaogopwa na wasomi wa nchi nzima akamjibu kwamba ni ujinga, mama, ujinga mtupu. Hakumuuliza kama alitaka kuyamaliza maneno yote. (Na "pastern" lipo kwenye Pa. Nikitaka kuwasimulia watoto kisa hicho, kwenye kamusi yangu hawaoni kitu.)

Halafu yupo James Murray, ambaye mimi nampenda kuliko wote kwa sababu alikuwa mwalimu wa shule kama sisi. Mtoto wa fundi cherehani wa Uskoti, aliacha shule akiwa na miaka 14, akajisomea mwenyewe mpaka akafundisha Mill Hill, karibu na London. Mwaka 1879 alikabidhiwa kazi ya kamusi ambayo leo tunaiita Oxford. Kazi ilikuwa imeanza kitambo, wasomaji wa kujitolea wakituma vijikaratasi: neno, sentensi ilimotumika, kitabu, mwandishi, mwaka. Alipoletewa mzigo, ulikuwa na uzito wa karibu tani mbili. Kwenye gunia moja mlikuwa na panya mfu, kwenye jingine panya hai na watoto wake. H ilikuwa imekwenda kukaa Florence, Italia. Na Pa, jamani, Pa! Vijikaratasi vya Pa vilikutwa Ireland, kwenye banda la farasi huko Cavan, na vingi vilishawashiwa moto.

Niliposoma habari hiyo niliweka kitabu chini nikasimama. Pa ya Murray ilipotea kama Pa yangu. Tofauti ni kwamba yeye alikusanya upya. Alijenga banda la mabati kwenye uwanja wa shule, akapanga vijikaratasi kwenye mashubaka zaidi ya elfu moja, akatoa ombi kwa wasomaji Uingereza na Marekani waanze tena kusoma na kuandika. Walidhani kazi itachukua miaka kumi. Sehemu ya kwanza ilitoka 1884 ikaishia neno "ant". Ya mwisho ilitoka 1928, na Murray alishafariki tangu 1915.

Hata hivyo lilimponyoka neno. Juzuu ya A na B ilipokamilika mwaka 1888 neno "bondmaid", yaani mjakazi, halikuwemo. Vijikaratasi vyake vilipotea. Baadaye Murray aliandika kwamba watu kama thelathini waliipitia kazi ile katika hatua zake zote na hakuna aliyeona pengo, na kwamba yeye hawezi kabisa kueleza limetokeaje. Neno moja! Likaja kuingizwa kwenye nyongeza ya mwaka 1933, naye yuko kaburini. Mimi nimepotezewa pardon, parent, patience, peace, naambiwa mama unataka kuyamaliza.

Kwa hiyo hukumu yangu ya kwanza ilikuwa: nyota moja, na msinunue. Niliandika hivyo usiku ule ule nikataka kuituma.

Sasa nisikilizeni, maana hapa najipinga. Kamusi yenyewe, palipo na kurasa, ni nzuri. Ni nzuri mno, na kuikana kwa ajili ya dukani ningekuwa muongo. Nimewaonyesha wanafunzi "safari", wakasoma wenyewe kwamba Kiingereza kililichukua kwenye Kiswahili, na Kiswahili kwenye Kiarabu. Mmoja akauliza kama Waingereza walilipia. Nilipofungua "bond" kwa sababu ya wale wavulana wa nyuma, nikakuta wamezigawanya mbili. Bondi ya kuweka saa inatokana na kufunga, kama kamba. Ile ya "bondmaid" ina asili nyingine kabisa, imetoka kwa watu wa kaskazini ya Ulaya waliomwita mkulima mwenye makazi yake bóndi, na kwa Waingereza mkulima huyo akashuka daraja kidogo kidogo mpaka jina lake likawa la mtumwa. Nilikaa na ukurasa ule jioni nzima, chai ikapoa. Kitabu kinachokupa jioni kama hiyo unakipaje nyota moja?

Basi nyota nne. Tano kama kingekuwa kizima. Duka sifuri, na hapo sijipingi. Hapana, hata nne zinanipa shida, kwa sababu mwanafunzi mwingine kwenye mji mwingine naye labda amenunuliwa kamusi ya shehena ile ile, na hana mtu wa kumwambia kwamba anajua kutafuta. Wachapaji na wauza vitabu: ikaguliwe kabla ya kufungwa nailoni. Ni dakika moja.

Kuhusu Pa, tumeamua kuikusanya. Wazo lilikuwa la yule binti, baada ya kuwasimulia habari za Cavan. Maktaba ya mkoa ina kamusi ya zamani yenye jalada lililochakaa, haiazimishwi, ila unaruhusiwa kunakili. Kila mwanafunzi anachukua neno lake, anaandika maana kwenye nusu ya karatasi ya daftari, na lazima atafute sentensi yenye neno hilo kwenye kitabu alichokisoma mwenyewe, pamoja na jina la kitabu na ukurasa. Tunaweka kwenye boksi la viatu, juu ya kabati la ofisi ya walimu, mbali na panya. Kuna sentensi za Biblia, za vitabu vya Biolojia, moja imetoka kwenye kijikaratasi cha maelekezo ya dawa, nikaipokea, kwa sababu "pain" limo na limetumika vizuri.

Mpaka wiki iliyopita tulikuwa tumefika "parcel". Karatasi ya "pawn" imeshaletwa, haikusubiri zamu yake. Aliyeileta ameandika maana kwa Kiingereza, chini yake kwa mabano akaongeza kuweka rehani, kuweka bondi, na sentensi ya yule bwana na saa yake, ukurasa wa 41.