Unataka friji kwa mkopo na jina zuri CRB (wale wanaoweka rekodi za mikopo)? Njia za kupitia hapa Mombasa, kuanzia bora hadi mbovu

Kule Marekani mtu akianza maisha huchukua kadi ya mkopo ya duka, ni rahisi kuipata, riba yake kali lakini akilipa kwa wakati jina lake linaanza kujengeka. Hapa kwetu kadi ya duka kama ile ya Naivas ni ya pointi tu, haikukopeshi kitu. Kwa hivyo ukitaka friji na pia unataka benki ikuamini kesho, kabla hujauliza bei uliza hivi: nikilipa vizuri, mnapeleka habari zangu CRB? Manake watu wengi wanadhani CRB ni ya kuandika wadeni wabaya peke yake, na sivyo, kanuni zinataka benki zipeleke habari za wanaolipa vizuri pia.

Ya kwanza kwangu ni benki, hasa kama una akiba kidogo ya kuweka dhamana, maana hapo hata usipokuwa na karatasi ya mshahara unaweza kusikilizwa. Na kama hutaki riba, ndugu zangu Waislamu, uliza murabaha Gulf African au Premier (ile iliyokuwa First Community): benki inanunua kitu kisha inakuuzia kwa bei iliyoongezwa faida, mnakubaliana mwanzo, unalipa pole pole na ile bei haipandi. Uliza tu mapema kama wanachukua vitu vya nyumbani ama ni magari na nyumba peke yake.

Ya pili Sacco, chama cha kuweka akiba na kukopa. Nyingi hukopesha mpaka mara tatu ya akiba yako na riba yao huwa kama asilimia 1 kwa mwezi kwa deni lililobaki, nafuu sana. Nimeiweka ya pili kwa sababu si kila Sacco inapeleka rekodi, lakini mama anayeuza Kongowea na hana benki inayomjua, kwake hii ndo ya kwanza.

M-Shwari na KCB M-Pesa, mikopo ya kwa simu, naziweka tatu, nyuma yake kuna benki kwa hivyo rekodi inaenda, lakini ni za mwezi mmoja mmoja na M-Shwari ada yake ni 7.5% kabla ya ushuru. Chukua kidogo, lipa kabla ya siku. Kununua friji nzima kwa hiyo, hapana.

Simu za kununua kwa kulipa kidogo kila siku ziko chini, ukichelewa inafungwa na biashara yako yote iko ndani ya hiyo simu.

Mwisho kabisa ni duka la mjini linalokupa friji kwa depo na kukuandika kwa daftari. Hapa nawaomba mpige hesabu, wallahi watu wanaumia. Tuseme keshi ni 30,000, wao wanataka depo 9,000 halafu 3,500 kwa miezi tisa, inaonekana nyepesi, lakini jumla ni 40,500, umelipa 10,500 zaidi kwa deni la 21,000 tu, na lile daftari hakuna benki itakayolisoma. Wakikwambia kuna kampuni inayokopesha nyuma yao, soma jina lililoandikwa kwa mkataba, hiyo ndo inayokudai, muulize yeye habari za CRB si yule kijana wa kaunta.

Njia yoyote utakayochukua, usifike siku 90 hujalipa, hapo mkopo unahesabiwa mbovu na ile alama hukaa miaka mitano hata baada ya kumaliza deni. Ukimaliza itisha barua ya kumaliza deni, kisha chukua ripoti yako kwa CRB zenyewe, TransUnion, Metropol au Creditinfo, mara moja kwa mwaka ni bure, uone kama kweli wameandika umelipa. Kama bado inaonyesha unadaiwa peleka malalamiko kwa maandishi na ile barua juu yake.