Huduma ya afya kijijini kwa mtu wa kiti mwendo: uzoefu wangu

Natumia kiti mwendo tangu nilipoanguka kutoka juu ya mparachichi nikaumia uti wa mgongo. Naishi Upareni, milimani. Maoni haya yanahusu mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayenitembelea nyumbani, na zahanati anayofanya nayo kazi.

Kwa mhudumu sina la kulalamika. Yeye ndiye aliyemfundisha mke wangu kunikagua makalio, nyonga na visigino kila jioni. Sisi wenye ngozi nyeusi tusisubiri wekundu, maana kidonda cha mgandamizo, yaani kile cha kulalia au kukalia sehemu moja muda mrefu, kikianza mara nyingi wekundu hauonekani. Unapapasa kwa mgongo wa kiganja. Pakiwa na joto kuliko pembeni, au pamekuwa pagumu, hapo pasilaliwe wala kukaliwa mpaka parudi sawa. Usiku nageuzwa kila baada ya saa mbili hivi, na nikiwa kwenye kiti najiinua kwa mikono mara kwa mara. Kuanzia kiunoni kwenda chini sihisi kitu, kwa hiyo asiponikagua mtu, kidonda kinaweza kufika mfupani mimi nikiwa nacheka na wageni.

Mkojo nao ni hivyohivyo. Nikishikwa na homa, zahanati wanapima malaria, na ni sawa wapime. Lakini mhudumu wangu huuliza pia: mkojo umekuwa na ukungu? Unanuka kuliko kawaida? Mtu anayetumia mpira wa mkojo anaweza kuwa na maambukizi bila kusikia kuungua hata kidogo.

Zahanati yenyewe naipa alama ndogo. Mlangoni wamejenga njia ya mteremko nzuri kabisa, ila ukishaingia, kitanda cha uchunguzi kiko juu na mlango wa choo haupitishi kiti. Matokeo yake nachunguzwa nikiwa nimekaa na nguo zangu zote. Kidonda cha makalio kitaonekanaje hapo? Mizani nayo ni ya kusimama. Na kuna siku muuguzi alimuuliza mke wangu, “Anaumwa nini?” ilhali mimi niko mbele yake na mdomo ninao. Liliniuma sana.

Kuhusu gharama, tulikata kadi ya CHF iliyoboreshwa (bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii), shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Kumwona mganga imetusaidia. Mipira ya mkojo, hata hivyo, nanunua mjini kwa fedha yangu, na nauli ni ya pikipiki mbili: moja yangu, nyingine ya kiti.

Hatuombi hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 25 inataka huduma za afya ziwe karibu na watu wanakoishi, vijijini pia.

Mhudumu nampa 5 kati ya 5, zahanati 2. Ukiwa na mgonjwa kama mimi nyumbani, nenda ofisi ya kijiji uulize mhudumu wa kitongoji chenu ni nani, umwombe aanze kuja hata kama hakuna kidonda. Na mkifika zahanati, msikubali kuondoka kabla mgonjwa hajalazwa mahali, hata kwenye godoro chini, akageuzwa na kuangaliwa mgongo wote.