Mille Miglia, Brescia: nendeni asubuhi, si jioni

Magari ya kale ya Mille Miglia, mashindano ya magari ya Italia, nilikuwa nimeyaona makumbusho tu, yamezungushiwa kamba na hayajawashwa kwa miaka, kwa hiyo Juni nilipanda treni kutoka Milan hadi Brescia kuyaona yakitembea. Siku hiyo naipa nyota nne kati ya tano, na nyota iliyopungua nitaieleza.

Sehemu bora ni ya asubuhi, magari yanapofungwa lakiri ya madini ya risasi kwenye mhimili wa usukani. Desturi hiyo imebaki tangu mbio za awali za kasi, zilizokimbiwa kati ya 1927 na 1957, ilipobidi kuhakikisha kwamba gari lililoondoka Brescia kwenda Roma ndilo lililorudi baada ya takriban kilomita 1,600. Hakuna mtu aliyenizuia kusogea. Nilisimama hatua mbili kutoka kwenye Alfa Romeo 6C 1750, aina ileile ambayo dereva Tazio Nuvolari alishinda nayo mwaka 1930, na jambo la kwanza kunishangaza mimi niliyezoea barabara za Afrika Mashariki lilikuwa usukani: uko kulia, ingawa Waitalia huendesha upande wa kulia wa barabara. Boneti imefungwa kwa mkanda wa ngozi. Fundi alipoifungua na kuwasha injini ili kusikiliza silinda zake sita, sauti ilitupiga kifuani na harufu ya petroli ikatuganda nguoni.

Pembeni yake palikuwa na Ferrari 166 MM, ambayo Waitalia huiita barchetta, yaani kidau, na ukiitazama kwa ubavu, haina paa na kiuno chake kimebonyea, utakubali kwamba jina limeitosha. Herufi MM ni za Mille Miglia yenyewe, kukumbuka ushindi wa dereva Clemente Biondetti na Ferrari 166 S mwaka 1948; mwaka 1949 alishinda tena, sasa na 166 MM, ukiwa ushindi wake wa nne.

Jioni ndiko nilikopoteza fedha. Wakala mmoja aliniuzia kiti karibu na jukwaa la kuondokea la Viale Venezia, kumbe kiti kiko nyuma ya bango, na nikaishia kuona paa za magari, kwa yale yenye paa. Walionishinda ni wazee wa mtaa waliobeba viti vyao na kukaa kando ya barabara bila kulipa chochote.

Anayetarajia mwendo wa kasi ajue kwamba mashindano ya leo hupimwa kwa saa: mshindi ni yule anayepita vituo kwa muda uliopangwa, akikosea kwa sehemu ndogo kabisa ya sekunde. Mbio za kasi zilisitishwa baada ya Ferrari ya dereva Alfonso de Portago kuacha njia huko Guidizzolo mwaka 1957 na kuua watazamaji tisa, watano wao wakiwa watoto, pamoja na waliokuwa ndani yake. Mwakani nitarudi na kigoda changu.