Tahadhari: Picha za Mbwa za "Penseli za Rangi" Zinazotoka kwenye Printa

Yeyote anayetaka kuchorewa mbwa wake, hasa aliyefiwa naye na kubakiwa na picha chache za simu, ajihadhari na muuzaji mmoja anayejitangaza mtandaoni kwamba huchora kila picha kwa mkono, ilhali anachotuma ni karatasi iliyopita kwenye printa kisha ikapakwa penseli juu juu. Nimeliona hilo kwa macho yangu, kwa kuwa nami huchora mbwa kwa malipo, na mteja aliniletea kazi ya mtu huyo akitaka mbwa wake wa pili achorwe kwa mtindo uleule. Jina la muuzaji silitaji, maana ameshabadilisha akaunti. Linalofaa kujulikana ni mbinu yake.

Kwa mbali picha ile ilipendeza. Nilipoiweka chini ya kioo cha kukuza, jicho lote la mbwa lilikuwa vitone vidogo vya samawati, waridi na manjano, ambavyo ni wino wa printa. Penseli haiachi vitone vya namna hiyo: rangi yake, iliyoshikanishwa kwa nta au mafuta, hukwama kwenye vinundu vya karatasi na kuruka vishimo vyake, hivyo hata sehemu iliyokolezwa kwa tabaka nyingi kwa kawaida huonyesha chembechembe na madoa madogo meupe yasiyo na mpangilio. Penseli halisi ilikuwepo, sikatai, lakini masikioni na shingoni tu, na nilipobonyeza hapo kifutio laini, kwa idhini ya mwenye picha, mistari ilififia na manyoya yaleyale yakabaki chini yake kama yalivyokuwa.

Zitazameni pia sharubu. Wachoraji wengi huzichimba kwanza kwenye karatasi kwa ncha butu, kisha hupitisha penseli juu yake ili mifereji ibaki myeupe, na picha ikiinamishwa kwenye mwanga wa pembeni mifereji hiyo huonekana waziwazi. Si kila mchoraji hufanya hivyo, kwa hiyo kukosekana kwake peke yake si ushahidi, ila ukijumlisha na vitone hakuna la kujadili.

Muuzaji huyu hutuma picha za kazi ikiwa nusu, na ndizo zinazowalainisha wateja wengi. Siku hizi programu za kuhariri picha na akili mnemba zinaweza kutengeneza "nusu mchoro" kwa dakika chache, kwa hiyo ombeni video fupi inayoonyesha mkono ukichora, huku jina la mbwa wenu likiwa limeandikwa kwenye kikaratasi pembeni. Yeye akiombwa hivyo hukasirika, au husema kazi imeshakwisha, jambo la ajabu kwa mtu aliyepokea oda jana yake, kwani kichwa cha mbwa mwenye manyoya marefu hujengwa tabaka kwa tabaka na humeza saa nyingi. Vilevile hudai kwamba rangi zake hazipauki kamwe, lakini hataji penseli anazotumia. Upo kiwango cha kupima uthabiti wa penseli za rangi kwenye mwanga, ASTM D6901, na mchoraji anayetumia penseli za aina ya Polychromos au Luminance huzitaja bila kusita.

Kuuza chapa, yaani picha iliyotolewa kwa printa, si kosa, na mimi mwenyewe ningemwacha na biashara yake kama angesema wazi kwamba ni chapa.

Kuhusu malipo, hushikilia atumiwe pesa kama ndugu au rafiki. Kwenye PayPal malipo ya namna hiyo hayamo katika ulinzi wa mnunuzi, kwa hiyo anayekubali hujifungia mlango wa kudai. Waliolipa kwa kadi au kama wanunuzi wa kawaida wawasilishe madai mapema, kwa kuwa muda wa kufanya hivyo una kikomo, wakiambatanisha tangazo linalosema "kwa mkono", mazungumzo yote na picha za karibu za vile vitone. Karatasi yenyewe wasimrudishie kabla ya kampuni ya malipo kuwaelekeza, kwani ndiyo ushahidi.